Jibu Alilolimeza Mstari

Wateja walimwita Mstari kwa sababu ya mstari aliokuwa akiutia kwenye suruali zao. Ukiutazama ungedhani utakukata kidole. Alikuwa dobi wa siku nyingi, akifua uani na kupiga pasi chumba cha mbele. Alimlea binti yake peke yake, tangu mkewe alipofungasha vyake na kwenda zake, mtoto akiwa bado wa kubebwa.

Sasa kifaranga kilikuwa kimeota manyoya. Mchana mmoja Mstari alikuwa akipita karibu na shule, furushi la nguo kichwani, akamwona binti kati ya wenzake. Furaha ikamponyoka. "Kidege! Kidege wangu!" Wenzake wakaangua kicheko. Binti akageuza uso kama asiyeitwa yeye.

Nyumbani ndipo moto ulipowaka.

"Lazima uniite kwa kelele vile? Na lile furushi lako!"

"Furushi ndilo linalotulisha, mwanangu."

"Kazi ya kufua chupi za watu! Ndiyo maana mama alikukimbia!"

Mlango ukabamizwa. Mstari akabaki amesimama na kibanio cha nguo mkononi.

Jibu lilikuja lenyewe mpaka ncha ya ulimi: hakunikimbia mimi peke yangu, na wewe alikuacha. Ubaya wa jibu hilo ni kwamba lilikuwa la kweli. Akaufunga mdomo. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Akaapa kwamba neno lile halitatoka kinywani mwake, hata siku atakayoambiwa makubwa kuliko haya.

Lakini kuapa ni kazi moja, kukaa na kiapo ni nyingine. Asubuhi dada yake mkubwa, aliyekuwa akimsaidia kukunja nguo, alipopata habari alishika kiuno.

"Na bado unampigia pasi sare? Mwache aende na makunyanzi yake! Mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Dada, makunyanzi hayatamfundisha kitu."

"Basi mpe neno limchome, kama alivyokuchoma."

"Ninalo. Ndiyo maana silitoi."

Akaendelea kuipiga pasi sare, akiligeuzageuza kichwani neno lile lile, huku macho yakiwa dirishani.

"We! Pasi!"

Akaiinua, lakini alikuwa amechelewa. Mgongoni mwa shati jeupe kulikuwa na alama ya kahawia, umbo kamili la pasi. Mtu ambaye hajawahi kuunguza hata leso ya mteja!

Binti akatoka chumbani, akaliona. 

"Umefanya makusudi."

Jibu likabisha hodi tena. Mstari akaisimamisha pasi pembeni, akamgeukia.

"Si makusudi. Nilikuwa nawaza ulilosema jana, mkono ukasahau kazi. Limeniuma, sikufichi. Nikikuaibisha, niambie, sitakuita tena kwa sauti njiani. Kunikasirikia, nikasirikie. Ila habari za mama yako usizifanye fimbo ya kunipigia. Ukitaka kuzijua, niulize, nitakujibu."

Binti akalinyakua shati. Akalivaa, akaficha mgongo kwa sweta, na jua lenyewe lile! Akaondoka bila kuaga.

"Umeona?" dada mtu akasema. "Hata pole hakuna."

"Sikusema ili nipewe pole," Mstari akajibu, akachukua shati jingine.

Jioni binti alirudi, sweta begani, jasho likimtiririka. Akasimama mlangoni.

"Joto limenishinda, nikalivua."

"Wakaona?"

"Wakacheka mpaka wakakaa chini. Eti binti wa dobi kavaa pasi mgongoni."

Mstari akainamisha kichwa. "Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia mganga hajigangi."

Dada mtu akacheka kwa pua. Binti akaingia, akashika ncha za shuka ambalo baba yake alikuwa akihangaika kulikunja peke yake. Wakalikunja mkunjo wa kwanza.

"Baba, nisamehe kwa lile neno."

"Limepita."

"Siku ile mama alipoondoka... mimi nilikuwa wapi?"

Jibu lile kali lilikuwa bado lipo, halijaenda mbali. Lakini Mstari alikuwa na jingine, nalo pia lilikuwa la kweli.

"Mgongoni kwangu," akasema. "Nilikuwa nafua. Vuta upande wako, shuka lisilegee, nikuhadithie."