Fundi viatu atoboa mipira, mama mkwe abaki na bustani yake

Saa nane mchana, mbele ya kibanda cha fundi viatu, mteja amesimama kwa mguu mmoja. Ule mwingine ameupumzisha juu ya kipande cha gazeti. Anasubiri kiatu chake cha kushoto. Lakini fundi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye mtaa mzima unamwita Mama Soli, hana kiatu mkononi. Ameshika mpira mweusi mwembamba, urefu wake hatua kumi, na anautoboa kwa sindano.

"Mama, kiatu changu kimegeuka nyoka?" mteja anauliza.

"Kiatu chako kinasubiri gundi ikauke. Huyu nyoka ni wa mchicha," anajibu bila kuinua kichwa.

Anapima shubiri moja, anatoboa. Anapima tena, anatoboa. Kila baada ya matundu matano anaweka mdomo kwenye mpira na kupuliza, akisikiliza.

Mama Soli ana miaka ishirini na minne katika kazi hii. Siku njema anatengeneza pea kumi na mbili. Mvua ikishinda inanyesha, akipata pea tatu anashukuru. Ndiyo maana bustani iliyo nyuma ya nyumba yao si pambo. Ni mboga ya kila siku ya watu watatu: yeye, mumewe, na mama mzazi wa mumewe.

Na mwenye bustani ni huyo mama mkwe. Ana miaka sabini na minane. Alipohamia kwao miaka mitatu iliyopita, alikuta uani pana mawe na vyuma chakavu. Mwaka haukuisha kabla hajapata matuta manne: mchicha, spinachi, nyanya na bamia. Alimwagilia asubuhi na jioni kwa keni ya lita kumi, safari kumi na mbili kwa siku kwenda kwenye pipa la akiba na kurudi, na hakutaka msaada wa mtu.

"Ukimsogelea anakufukuza kama kuku," anasema Mama Soli.

Kiangazi kilichopita, mama mkwe aliteleza kwenye tope akiwa na keni imejaa, akaanguka chali katikati ya nyanya. Hakuvunjika, ila nyonga ilivimba. Daktari akampiga marufuku kubeba kitu chochote kinachozidi kilo mbili.

Mumewe Mama Soli alijitosa kuokoa jahazi. Ni mstaafu aliyefanya kazi ya kusoma mita za maji, na hadi leo watu humwita Bwana Mita. Yeye alichagua njia ya haraka: mpira mkubwa wa maji. Akaufunga bombani, akafungulia mpaka mwisho. Miche ya mchicha iling'oka, ikaelea mpaka mlangoni.

Mama yake alikuwa ameketi kizingitini. "Mwanangu," alimwambia, "unamwagilia au unazima moto?"

Isitoshe, maji katika mtaa wao hutoka Jumanne na Ijumaa tu. Jioni ile pipa la akiba lilibaki tupu, na familia ikalala bila kuoga. "Nilisoma mita za watu miaka thelathini," anasema Bwana Mita akijishika kichwa, "ya kwangu ikanishinda."

Basi Mama Soli akaichukua keni yeye. Anatoka kibandani amekunja mgongo tangu asubuhi, anafika nyumbani anaukunja tena. Baada ya wiki mbili alikuwa hoi. "Nilikuwa nikiinama kumfunga mteja kamba za viatu, naomba anisaidie kuinuka."

Mteja mmoja, mkulima, ndiye aliyemweleza kuhusu umwagiliaji wa matone: unainua pipa juu ya matofali, unaunganisha mipira yenye matundu madogo, maji yanadondoka yenyewe kwenye shina. Mama Soli akanunua mpira siku hiyo hiyo. Jaribio la kwanza alitoboa kwa msumari wa moto. Matundu yakawa makubwa mno. Nyanya za mwanzo zikazama, za mwisho hazikuona hata tone. Akarudi kwenye sanduku lake la kazi, akachagua sindano ndogo kuliko zote, ile ya viatu vya watoto wachanga. Hiyo ikakubali.

Aliyekataa ni mama mkwe. Alinuna. Alisema mboga za matone hazina ladha. Kisha asubuhi moja Mama Soli alimkuta amechuchumaa kwenye spinachi, ndoo kando yake, akimwagilia kikombe kimoja kimoja, huku nyonga ikimuuma mpaka machozi yanamlengalenga.

"Mama, kwa nini unajitesa wakati mipira ipo?"

Mama mkwe alikiweka kikombe chini. Kisha akasema, "Mkishamaliza mipira yenu, mkwe wangu, mimi nitakuwa wa nini? Nitawekwa pembeni kama kiti."

Mama Soli anasema maneno yale yalimchoma. "Mimi nilidhani tunabishana kuhusu maji. Kumbe mwenzangu anatetea kazi yake."

Hakubishana naye tena. Alimwomba awe hakimu. Kwa wiki mbili, tuta la kwanza lilimwagiliwa kwa keni, la pili kwa mpira mkubwa uliounganishwa na pipa na kufunguliwa kidogo, la tatu kwa matone. Bwana Mita alichora mistari kwenye pipa na kuandika: keni lita thelathini kwa siku, mpira mkubwa lita hamsini na tano, matone lita kumi na nane. Kila asubuhi mama mkwe aliketi kwenye kigoda, akazamisha kidole udongoni, akatoa hukumu bila kupendelea.

Siku ya kumi na nne alikaa kwenye tuta la tatu kwa muda mrefu. Udongo wa juu ulikuwa mkavu, magugu machache, lakini kidole kilitoka na unyevu mpaka kifundo cha pili. "Hili linakunywa taratibu," alisema, "kama mgeni mwenye adabu."

Siku hiyo Mama Soli alitandika mipira kwenye matuta yote manne, akahamisha koki ya pipa, akaiweka kimo cha mtu aliyeketi. Akamkabidhi mama mkwe sindano, kwa sababu matundu huziba na lazima mtu ayapitie moja moja. Kitalu cha miche hakikuwekewa mipira, maana mbegu changa zinataka manyunyu. Kwa hicho alimtengenezea keni kutokana na kopo la lita moja na nusu, kifuniko kimetobolewa kama chujio la chai.

Sasa bosi anajulikana. Bwana Mita hujaza pipa na kusafisha kitambaa cha kuchuja taka za maji. Mama mkwe hufungua koki, hufunga, hukagua, hukaripia. Ni mwezi wa saba nyumba haijanunua mboga za majani, na majirani wawili wameomba watobolewe mipira yao.

Huo uliomo mkononi mwa Mama Soli leo si wa jirani, ni wa tuta la tano. Jumamosi atafunga kibanda saa sita autandike kando ya uzio. Baadaye anataka pipa la pili, la kukinga maji ya mvua kutoka paani. Yeye alipendekeza tuta jipya liwe la pilipili hoho. Mama mkwe ameshaamua ni bilinganya, kitu ambacho Mama Soli hakipendi tangu utotoni.

"Mtazila," anasema mama mkwe kule uani, akiichunguza sindano yake kwenye mwanga wa jua. "Zikifa, lawama ni za mipira. Zikistawi, ni mkono wangu."