Nani Alianza Kugonga Bati?

Hata leo, fundi akigonga bati hapa Ihumwa ninapoishi, mkono wangu wa kulia unatafuta fimbo. Msinicheke. Mkono huu bado uko Haneti, juu ya ulingo wa miti, unamlindia mama mtama.

Mwaka ule ndege wa kwelea kwelea walikuja wengi mpaka jua likafifia. Punje za mtama zilikuwa bado na maziwa, na ndio ugali wetu wa mwaka mzima. Baba alikuwa ameshafariki, kingine hatukuwa nacho. Mashamba yalizunguka kilima kimoja, kila shamba na mtoto wake wa kuwinga ndege kwa kugonga bati, na baba mkubwa akajipa ukamanda wetu sote. Akanunua na filimbi.

"Asigonge mtu bati mpaka nipulize!"

Filimbi yenyewe sasa! Mpaka atoke kivulini, akohoe, apulize, ndege wameshamaliza mistari mitatu.

Siku ya tatu waligeukia shamba letu, wote kwa mpigo, kama shuka linalokung'utwa. Mama alikuwa anarusha mabonge ya udongo huku analia. Nikasikia bati la Yohana, jirani yetu. Amri nikaitupa huko, nikagonga kwa hasira zote za miaka yangu kumi. Chausiku, upande wa pili, akagonga. Kelele ikazunguka kilima kizima, na ndege wakainuka, wakaenda zao. Filimbi ililia baadaye.

Jioni baba mkubwa akatupanga mstari, fimbo mkononi.

"Nani alianza?"

"Nilimsikia Neema," akasema Chausiku.

Neema ndiye mimi. "Nilimsikia Yohana."

"Mimi nilimsikia Chausiku," akasema Yohana.

Baba mkubwa alidhani tunamfanyia dhihaka. Tukala fimbo tatu tatu, na haki ya Mungu hatukuwa tunaficha mtu. Kesho yake ndege walirudi, na hakuna aliyengoja filimbi. Mtama tukauvuna.

Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba kelele haikumkera baba mkubwa hata kidogo. Kilichomuuma ni kwamba mtama uliokolewa bila yeye. Alitafuta kiongozi wetu mpaka akachoka, kumbe kila mmoja alimsikiliza jirani yake tu. Na wale ndege je, nani alikuwa anawapulizia filimbi?

Fimbo zile sizijutii. Aniulize hata leo, jibu langu ni lile lile: nilimsikia Yohana.