Gari la Wifi na Mteremko wa Hospitali

Mama Ngoma hajui kupiga ngoma, na ukimwita kwenye sherehe utamkuta kajificha jikoni anakosha vikombe. Jina lake lilitoka gereji. Alianza kwa kuuza chai pale getini. Siku moja fundi akamwomba amkanyagie pedali, maana msaidizi hakuja, na mguu ule haujatoka kwenye breki hadi leo, miaka ishirini na saba. Ujuzi wake ni breki za ngoma, zile za zamani: kila gurudumu lina kitu kama sufuria ya chuma, na ndani vipande viwili vya mviringo hutanuka vikaisugua mpaka gari lisimame.

Wifi yake, dada wa mumewe, ni mkunga, na gari lake lina umri mkubwa kuliko ndoa ya Mama Ngoma. Hospitali iko chini ya mteremko mrefu, na ngoma zikishapata moto hulegea. Miezi mitatu nyuma pedali ilizama hadi sakafuni, na gari likasimama kwa kukwaruza ukuta wa hospitali. Tangu hapo wifi alikuwa akishuka kwa miguu. Akiitwa haraka kwa mzazi, anafika akihema kuliko mzazi mwenyewe. Mwishowe akatangaza kwamba gari linauzwa kama chuma chakavu.

Mama Ngoma akanuna siku mbili, ya tatu akamfuata.

"Hilo gari nimelifunga mimi kila skrubu," akamwambia. "Ukiliuza chakavu, na mimi nipande kwenye mizani hiyo hiyo. Nipe wiki moja."

Akazunguka kwenye magari chakavu mpaka akapata gari la ukoo uleule, lililotoka miaka ya baadaye likiwa na breki za diski mbele. Akafungua habu, yaani vitovu vya magurudumu, diski zenyewe, zile sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu, na kalipa zake, yaani vile vyuma vinavyoibana diski pande zote mbili kama vidole. Akabeba na masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, kwa kuwa ile ya zamani isingesukuma mafuta ya kutosha. Jirani yake wa gereji, Bwana Springi, akamwuliza kama ameacha ngoma ahamie kwenye sahani. Mama Ngoma akamjibu kwamba sahani huwa zinaletwa kwa waliofanya kazi.

Kazi ilikaa vizuri, na hasa mipira ya kupitishia mafuta, ambayo ililala bila kujikunja hata kidogo. Kilichobaki ni kutoa upepo, ile hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya breki. Wifi akakaa kwenye usukani: kanyaga, shikilia, achia. Chupa tatu za mafuta ya breki zikaisha na pedali bado laini kama godoro. Bwana Springi akapita, akaibonyeza kwa mkono, akatikisa kichwa na kusema ngoma angalau zilikuwa zinamheshimu Mama Ngoma. Siku ya sita hiyo. Mama Ngoma akainama chini ya meza, akazivuta zile ngoma kuukuu akaziweka mbele yake, tayari kuzirudisha.

Wifi akashuka kunyoosha miguu. Akachuchumaa kando ya gurudumu, akauliza hiyo hewa hutolewa wapi. Mama Ngoma akamwonyesha kiskrubu kidogo sehemu ya chini ya kalipa. Wifi akakitazama kwa muda, kisha akainua vidole kana kwamba ameshika sindano.

"Wifi yangu," akasema, "mimi nikitaka kutoa hewa kwenye sindano naielekeza juu. Hewa haijui kushuka. Wewe umeiwekea mlango uvunguni."

Mama Ngoma akatazama upande wa kulia, akazunguka akatazama wa kushoto. Kalipa ya kulia ilikuwa kushoto, ya kushoto ikawa kulia. Alizifunga hivyo kwa sababu mipira ilipendeza, basi. Akacheka mpaka akakalia tairi.

Akazibadilisha. Viskrubu vikawa juu. Mapovu yakatoka mfululizo, yakafuatwa na mafuta matupu, na pedali ikawa ngumu kama ngazi ya mawe.

Kesho yake akashuka mteremko peke yake mara tano, kila mara akisimama kugusa na kunusa magurudumu kama yanaungua. Mara ya sita akampa wifi usukani. Wifi alishuka midomo ikiwa imebanwa. Chini akakanyaga, na gari likatulia. Wakashuka garini. Wifi akapima kwa hatua hadi kwenye mkwaruzo wa ukutani: kumi na nane. Akarudi akipima tena, zikawa zilezile.

"Nani kakufungia breki?" mlinzi wa hospitali akauliza.

"Wifi yangu," akasema mkunga, kwa sauti ya kufika wodini.

"Kwa maelekezo ya mkunga," Mama Ngoma akaongeza. "Na nyuma bado ni ngoma, msije mkanibadilisha jina."

Siku hizi asubuhi gari hilo likipita gereji, wifi hupiga honi mara moja. Mama Ngoma yuko chini ya gari la mtu, haonekani. Unaona mkono tu ukiinuka na spana, na Bwana Springi akijifanya anatafuta kitu ili asilitazame.