Kiyoyozi Kilichopona Kila Fundi Alipofika

Kila fundi alipofika, kiyoyozi cha chumba cha mbele kilipuliza baridi. Fundi akishaondoka, hazikupita saa mbili kabla hakijaanza kutoa hewa ya vuguvugu. Hali hiyo ilikuwa imeendelea kwa wiki saba. Mwenye nyumba, fundi cherehani wa miaka hamsini na minane ambaye mtaa mzima humwita Pindo, alikuwa ameanza kuamini kwamba mashine ile inamfanyia makusudi.

Angekuwa peke yake angefungua madirisha na kuvumilia. Lakini chumba cha mbele ni cha dada yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye ugonjwa wa neva unaotulia mpaka joto lipande. Chumba kikiwa na ubaridi, dada huamka, hutembea kwa fimbo hadi sebuleni na kumsahihisha kwa sauti mtangazaji wa redio. Joto likipanda, miguu hulegea, ulimi huwa mzito, na kushika kikombe cha chai huwa kazi ya watu wawili. Wameishi pamoja miaka kumi na mmoja, tangu dada alipofiwa na mumewe.

Mtoto pekee wa dada anafanya kazi katika mji wa milimani, safari ya siku nzima, ambako watu hulala na mablanketi mawili. Alipiga simu mwanzoni mwa mwezi.

"Mama mdogo, sikulaumu," alisema. "Lakini mama hawezi kuendelea kuchemka humo ndani. Nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikikuta chumba hakijapoa, naondoka naye."

"Mafundi wanakuja, mwanangu."

"Wanakuja, wanakuja. Mbona AC haiji?"

Matatizo yalianza wiki ambayo jirani alianza kujenga na vumbi la saruji likawa linaruka ukuta. Fundi wa kwanza alikuwa kijana aliyeelekezwa na muuza duka la dawa. Alipiga simu nusu saa kabla, kama wafanyavyo mafundi wote wa pale ili wasikute geti limefungwa, na Pindo akaitumia nusu saa hiyo kama aitumiavyo kwa mgeni yeyote: alifagia ua, akatandika upya kitanda cha dada, akaiandaa na kuipangusa mashine ya nje ya kiyoyozi, ile iliyoko uani. Kijana alipoiwasha ilipuliza baridi. Aliitazama kwa muda, akasema gesi imepungua, akaongeza.

"Na vumbi hili, mama," alisema akifunga mkoba, "vumbi ndilo linaloua. Ilinde."

Pindo hupima bei zote kwa sare za shule, kwa kuwa ndizo anazoshona. Gesi ilikuwa sare tisa. Alizilipa bila kinyongo, kwa sababu kijana alikuwa ametaja ugonjwa na dawa yake. Jioni chumba kilikuwa cha moto.

"Mimi nimeiacha inapiga baridi mpaka nikajikunyata," kijana alijitetea kwenye simu.

"Basi njoo ujikunyate tena."

Alikuja tena. Ikapiga baridi. Akaondoka, ikaacha.

Fundi wa pili alitoka kwenye kampuni. Alikuwa na sare, ngazi ya kukunja na kifaa cha kupimia gesi chenye mishale miwili. Alisema gesi si tatizo kabisa, bali imezidi, na aliyeiongeza alikuwa anabahatisha. Tatizo ni kompresa, ile pampu iliyo ndani ya mashine ya nje: imechoka. Kubadilisha ni sare arobaini.

"Lakini sasa hivi si inafanya kazi?" Pindo aliuliza.

"Ndivyo zinavyochoka, mama. Zinafanya kazi, halafu hazifanyi."

Pindo aliliandika jibu hilo kwenye daftari lake la vipimo, chini ya mapana ya mabega ya watoto wa watu, na kila alipolisoma lilizidi kumpotea. Akaenda duka la viyoyozi. Muuzaji hakutaka hata kusikia habari za kompresa. Mashine ya miaka tisa, alisema, haitengenezwi, inazikwa. Mpya, pamoja na kuifunga ukutani, ilikuwa sare tisini na tano, yaani msimu mzima wa kufungua shule, kuanzia vifungo hadi kola.

Alirudi nyumbani na majibu matatu, kila moja limesemwa na mtu asiye na shaka.

"Wastani wake ni sare arobaini na nane," dada alisema kutoka kitandani, maneno yakimtoka polepole kwa joto. "Ukilipa wastani, utapata wastani wa baridi."

"Usinichekeshe, dada. Sijui nifanye nini."

"Wapigie kura."

"Na mwanao akija?"

Safari hii dada hakuwa anatania. "Sitaki kwenda, Pindo. Kule nitakuwa mgeni wa mkwe wangu mpaka nife. Lakini nikiwa hivi, hata kukataa siwezi kukataa vizuri."

Usiku huo Pindo alihesabu akiba yake. Ilitosha kompresa, au ilitosha nusu ya mashine mpya. Haikutosha kukosea.

Aliyempata siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya mpwa kufika, alikuwa fundi mwanamke wa miaka arobaini hivi anayejulikana kwa jina la Mama Spana. Walikubaliana saa nne asubuhi. Kazi yake ya kwanza siku hiyo iliahirishwa, na kwa kuwa alikuwa mtaa wa pili tu, alikuja saa tatu bila kupiga simu. Geti la nyuma lilikuwa wazi kwa ajili ya mzoa taka. Akaingia uani, akatua sanduku lake, akasimama.

Mashine ya nje ilikuwa imevaa nguo. Lilikuwa vazi la turubai la kijani, lenye zipu ubavuni, pindo la chini lililokazwa kwa uzi mara mbili, na bitana ndani. Mashine ilikuwa inanguruma humo, na turubai lilikuwa la moto kiasi kwamba Mama Spana alipoligusa aliondoa mkono haraka.

"Mama," aliita. "Njoo kwanza. Nani kaivisha hii?"

Pindo alitoka mbio na ufagio, amefedheheka kama mtu aliyekutwa hajavaa. "Jamani, fundi, umenikuta sijaiandaa! Huwa naivua wakifika wageni."

"Huwa unaivua?"

"Siwezi kumpokea fundi na mashine imefunikwa. Atafanyaje kazi?"

"Na akiondoka?"

"Naivalisha. Si wameniambia niilinde na vumbi? Mwanzoni lilikuwa turubai tupu. Yule kijana aliposema vumbi linaua, nikatia bitana."

Mama Spana alikaa juu ya sanduku lake. Alitaka kucheka, lakini uso wa Pindo ulimzuia. Alieleza polepole kwamba joto linalotolewa chumbani hutemwa na mashine hii huku uani. Likizibwa, mashine huzidiwa na kujizima isiungue, na ile ya ndani huendelea kupuliza hewa tu.

Ndani ya nyumba ile redio imefunikwa, jokofu limefunikwa, mtungi wa gesi umevaa sketi ya marinda. Hakuna hata kimoja kilichowahi kulalamika. Pindo alitazama vazi lake, halafu mashine, halafu vazi.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni wewe."

"Na kompresa? Imeharibika au haijaharibika?"

"Sijui, mama. Imechemka wiki saba. Inaweza kufa mwezi ujao, inaweza kumaliza miaka mitano. Nitapunguza gesi, nitasafisha, halafu uniite mara mbili kwa mwaka. Zaidi ya hapo nitakudanganya."

Pindo alichanganyikiwa zaidi kuliko siku zote. Wote waliojua walikuwa wamekosea, na huyu aliyepatia ndiye asiyejua. Alilipa sare tano.

Jumamosi mpwa alifika na begi tupu la nguo za mama yake. Chumba kilikuwa baridi. Akasimama mlangoni na kutikisa kichwa.

"Leo inafanya kazi kwa sababu nimekuja. Mama mdogo, si ndivyo ulivyoniambia mwenyewe? Akija mtu inapona."

Pindo alijaribu kueleza habari ya turubai. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama kisingizio, na katikati yeye mwenyewe akaanza kuitilia shaka.

"Basi usiwe mgeni," dada alisema. "Tandika godoro humu humu, ulale siku tatu. Hesabu haikaguliwi mlangoni."

Alilala siku tatu. Siku ya pili, saa nane mchana, jua likiwa limeinamia bati, alijifunika shuka mpaka kichwani na kupitiwa na usingizi. Aliposhtuka alimkuta mama yake amesimama wima ukutani, bila fimbo, anaitafuta rimoti nyuma ya redio.

"Napunguza," alisema. "Mtoto anatetemeka."

Jumanne aliondoka na begi lake tupu. Getini alimgeukia Pindo.

"Lakini mama mdogo, ikifa mwezi ujao? Tuchange tununue mpya sasa, au tungoje?"

"Mwanangu, mimi sijui. Kamuulize mama yako."

Dada alisikia kutoka dirishani. "Mimi swali langu lilikuwa kwenda au kubaki," alisema, kila neno likitoka zima, "na nimeshalijibu. Hilo lingine ni la kwenu."