Risasi Iliyokwenda kwa Jirani

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya kiganja cha Babu kikipiga paja lake: pwaa. Hiyo ndiyo ilikuwa risasi. Mgeni keshakaa, halua keshaionja, kahawa iko mkononi, mara pwaa, na sisi wajukuu tunatazamana kwa kuchoka, maana kisa tulikijua mpaka pale anapomeza mate.

Babu yangu alikuwa mlenga shabaha. Alikwenda Olimpiki enzi zile Oman ndiyo kwanza inapeleka watu. Sasa mtu mwenye bahati hiyo si angesimulia bendera, ndege, viatu vipya? Yeye hapana. Yeye alisimulia alivyolala kifudifudi na bunduki yake, akavuta pumzi, akapiga katikati kabisa, kumi safi, kwenye shabaha ya mtu wa pembeni yake. Shabaha zenyewe ziko mbali kule, zimepangwa safu, kila mmoja na yake. Jicho likiteleza kidogo tu, umempigia jirani. Akamwita mwamuzi mwenyewe, akamwambia, "Ile yangu." Akaandikiwa sifuri.

"Wenzio mambo kama haya wanayaficha," Bibi alikuwa akimwambia, "wewe unayatilia kahawa."

Nilipokuwa darasa la nne nikajisifu shuleni kwamba babu yangu alikwenda Olimpiki. Wiki nzima nikawa mtu wa maana; hata wale waliokuwa hawanitaki kwenye mchezo wa kamba wakanipa zamu ya kwanza. Mwalimu naye akafurahi, akamwalika Babu aje kuzungumza.

Garini, njia nzima kutoka nyumbani kwetu Wadi Kabir, nilimsihi.

"Babu, leo usiseme ya jirani. Sema ya bendera tu."

"Mke wangu," akasema, maana ndivyo alivyokuwa akinitania, "bendera waliibeba wengine. Mimi nnayo yangu."

"Watanicheka mimi, si wewe."

"Basi tutachekwa wawili. Si bora?"

Akasimama mbele ya ubao, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, akaanza kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja. Nikamwomba Mungu amsahaulishe. Pwaa. Darasa likaangua kicheko. Msichana wa nyuma yangu akaninong'oneza, "Kwa hiyo babu yako alikwenda kuwasaidia wengine?"

Nimeshakuwa mtu mzima, nauza duka mtaa wa Ruwi, huku huku Oman, na juzijuzi tu ndiyo nimefahamu. Shabaha ya yule jirani ilikuwa na tundu moja la ziada. Babu angenyamaza, maswali angeulizwa yule, na pengine hesabu yake ingeharibika. Sisi tukidhani Babu anasimulia aibu, kumbe ile ndiyo fakhari yake. Na bado naudhika naye. Angetueleza hivyo tu, kwa maneno mawili, tungepumzika sote. Lakini hakueleza hata mara moja. Alipiga paja, kisha akasubiri.

Siku ile pia alisubiri. Mwalimu akauliza nani ana swali. Wengine bado wanafuta machozi ya kicheko. Babu kasimama, leso mkononi, anatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeahidiwa kufuatwa na hajafuatwa. Hasira zangu nilikuwa sijazimaliza. Nikanyanyua mkono, darasa zima peke yangu, nikamuuliza yule jirani alikuwa mtu wa wapi.