Maji Yaliposhuka Chini ya Vigae vya Bluu

Kusema na watu ndiyo kazi inayonishinda. Shuleni nikiitwa nisimame nijibu, sauti hunikauka. Kwa hiyo baba aliponiachia bwawa la kuogelea nililinde, nilifurahi. Bwawa halina maneno.

Baba ndiye mtunzaji wa nyumba ya wageni hapa Ushongo, na sisi tunaishi chumba cha uani. Pampu ya kwanza ya bwawa iliungua kwa kukosa maji. Mwenye nyumba alipoleta hii ya sasa alimwambia baba, "Ikiungua na hii, fungasha." Hakupaza sauti, na ndicho kilichonitisha.

Kabla ya kwenda Pangani kununua dawa ya maji, baba alinionyesha tena. Pembeni mwa bwawa kuna tundu linalonyonya maji ya juu. Maji yakishuka chini ya vigae vya bluu vilivyozunguka ukingo, tundu linavuta hewa, na pampu inajipika yenyewe.

"Ukisikia inakohoa, usinisubiri. Zima."

Baada ya adhuhuri wakaja akina mama na ndoo. Kwa jirani kulikuwa na harusi, na kisima chao kimegeuka chumvi. Baba hajawahi kumrudisha jirani na ndoo tupu; huwapa maji ya bomba. Siku hiyo bomba halikutoa, wakaenda moja kwa moja bwawani. Aliyetangulia ni dada yake baba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Tunachota ya kuoshea masufuria tu."

"Shangazi, baba amesema..."

"Baba yako nimembeba mgongoni mimi! Bwawa lote hili, wageni waoge, sie tukose ya kuoshea sufuria?" Wenzake wakacheka. "Na aibu zote hizi, nani atakuposa wewe?"

Nikawapisha. Nikakaa barazani kutega sikio, lakini ngoma ya harusi ikaanza, matari na vigelegele, ikafunika kila sauti. Ndoo zikaenda, zikarudi. Vigae vya bluu vikatoka majini vimelowa, kisha vikaanza kukauka.

Nilikimbilia chumba cha pampu. Kulinuka plastiki ya moto. Ndani ya kifuniko cha kioo, ambamo siku zote maji hujaa, mlikuwa na povu tu. Nikazima. Pampu ikanyamaza, ngoma haikunyamaza. Nikatoka mbio, na sauti sijui niliitoa wapi:

"Basi! Msichote tena! Mtamfukuzisha baba kazi!"

Shangazi akaweka ndoo chini. Safari hii hakucheka.

Baba aliporudi, bomba lilikuwa limeanza kutoa. Tukaweka mpira wa bomba bwawani, tukangoja mpaka maji yakafika katikati ya tundu. Akaijaza pampu maji kwa kopo, akafunga kifuniko, akawasha. Ikazunguka! Nilitaka kushangilia. Baba akachuchumaa, akapitisha kidole chini ya pampu. Kidole kikatoka kimelowa.

"Mpira wake wa ndani, ule unaozuia maji, umeyeyuka," alisema taratibu. "Inavuja. Maji yakiingia kwenye mota, basi tena."

Hakunigombeza. Alitafuta bakuli, akalitega chini ya matone.

Shangazi alileta sahani ya pilau, akaiacha mlangoni, akaondoka bila kupiga hodi. Hakuna aliyeigusa.

Mwenye nyumba anafika kesho. Bakuli nililimwaga asubuhi. Nimetoka kulitazama sasa hivi, limejaa tena.