Rozi Hakumuuza Mtu

Uvumilivu wangu uliisha Ijumaa moja ya likizo, nikiwa nafua. Sauti ilipenya kutoka banda la video la jirani, hapa Olasiti: "Huyooo Rozi! Mwanamke nyoka! Anambusu huku anamuuza!" Mara binti yangu Neema akaingia analia. Wenzake wanamwita Rozi, eti kwa sababu amekataa kuwa mke kwenye mchezo wa baba na mama.

Sauti ile naijua, jamani; mwenyewe siku hizi kahamishia banda lake huku. Nilikuwa mtoto kule Nkoaranga, nimebanana na wenzangu kwenye banda la mbao, jenereta linanguruma, moshi wa petroli umechanganyika na harufu ya kahawa iliyoanikwa nje. Mjomba Maiki, tulivyomwita mtafsiri wetu kwa sababu ya kipaza sauti chake, alitusimulia sinema ya majasusi wa vita. Mrembo, ambaye Mjomba alimbatiza jina la Rozi, anatumwa kumlaghai ofisa wa adui, kisha wanapendana kwelikweli. Mwishoni askari wanavamia chumba chao. "Rozi kamsaliti!" Mjomba akapiga kelele.

Lakini mimi niliona. Aliyewafungulia askari mlango ni mwanaume, yule ofisa mwenyewe. Aliyefungwa kitambaa machoni ni Rozi.

"Mjomba, mbona anayepigwa risasi ni yeye?"

"Kaa chini wewe, Rozi mdogo!"

Banda zima likacheka. Jina likaniganda mpaka kipaimara, na kila msichana aliyemkataa mvulana naye akawa Rozi.

Nilipofika kidato cha pili, sinema ileile ikarudi, na kipaza sauti kikaungua katikati. Watu wakapiga miluzi. Mimi nikatega sikio. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini kilitosha: Rozi alimsihi yule bwana watoroke wote. Bwana akamuuza apate cheo. Kumbe Mjomba hakuelewa hata neno moja! Alikuwa anatazama picha kama sisi, halafu anajitungia. Na macho yangu ya utotoni yalikuwa sahihi siku zote. Nilitoka pale kifua mbele. Nikawaambia wenzangu, wakaniambia nimeanza tena.

Sasa jina lake hilo limfuate na mwanangu? Nikaenda ofisi ya mtaa na povu mikononi. Mjomba akaitwa, mvi kichwani.

"Shikamoo, Mjomba." Adabu ni adabu.

"Marahaba. Mama Neema, si sinema tu hiyo?"

"Unalalamikia kelele?" mtendaji akauliza.

"Kelele nazimudu. Andika."

Mtendaji alianza kuandika huku akicheka. Nilipofika katikati alikuwa ameacha kucheka. Akagonga muhuri, akamsomea Mjomba kwa sauti:

"Mimi, Mama Neema, mkazi wa mtaa huu, namlalamikia mwenye banda la video kwa kumsingizia Rozi usaliti uliofanywa na mwanaume, hata watoto wetu wa kike wanatukanwa kwa jina lake. Naomba aamriwe kuirudia sinema nzima mbele ya watoto walewale, bila kiingilio, na kipaza sauti nishike mimi."